Pazia la Baba Yako na Mota ya Gari la Kuchezea

Khainza mwanangu,

Nyumba imetulia. Wewe umetoka kwenda kuwaaga majirani, baba yako anasinzia kwenye kiti chake, na mimi nimesukuma vyombo vya kulehemu pembeni ya meza ili nipate nafasi ya kuandika. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Jinja. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya sweta, uisome ukishafika kwa shangazi yako Kimaka na kupumzika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mimi Mteso, baba yako Mgisu. Tulikutana Jinja, yeye askari wa magereza na mimi opareta wa redio wa polisi, na pale kambini hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Hapa Mbale wapo watu ambao wakisikia Kiswahili bado wanakumbuka bunduki na amri. Siwalaumu. Lakini kwetu ndiyo lugha ambayo baba yako alinichumbia nayo, akakosea ngeli, nami nikamsahihisha vibaya zaidi.

Habari za chakula, za nguo na za saa ya kurudi nyumbani sitazigusa. Shangazi yako atazimaliza zote kabla hujafungua begi. Mimi nataka kukuandikia habari ya pazia. Unaijua, maana uliifanya kwa mikono yako, lakini kuna siku moja ambayo hukuwapo, na kuna makosa yangu ambayo kwa adabu yako hukuwahi kuyataja. Unakwenda kwenye karakana ya kutengeneza mota za viwandani, mota ambazo watu wawili hawaziinui. Kabla hujazizoea hizo, nataka tuizungumze ile ndogo.

Baba yako alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kulia ulilala wote na maneno yakawa yanatoka moja moja. Tukahama Jinja, tukarudi hapa Malukhu kwenye nyumba yake. Kitanda chake tukakiweka karibu na dirisha ili aone mlima wa Wanale, kwa kuwa alikuwa ameutaja miaka yote tuliyokaa mbali nao. Dirisha lile liko juu ya njia ya watu, kwa hiyo usiku lazima pazia lifungwe. Asubuhi mimi natoka mapema kwenda kwenye kibanda changu cha redio mjini, wewe ulikuwa unakwenda shule, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amefungua pazia.

Siku moja nilirudi mchana kuchukua mita ya kupimia umeme niliyoisahau. Nikaingia chumbani, nikakuta giza. Nilidhani amelala. Macho yalikuwa wazi.

"Umekaa hivi tangu asubuhi?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumwita Mama Zaina?"

Alichukua muda kupanga maneno. "Kila siku... nimwite mtu... kwa ajili ya pazia?"

Mama Zaina, jirani yetu Mnubi, angekuja mbio na asingelalamika hata kidogo, na baba yako alijua hivyo. Hilo halikuwa jambo lenyewe. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi ya kuwafungulia wengine milango asubuhi alikuwa hawezi kujifungulia mwanga.

Tulijaribu kamba, unakumbuka. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu ya kubonyeza kitu, si ya kuvuta. Akivuta, bega linamuuma hadi jasho linamtoka. Jioni ile wewe ndiye uliyesema, huku unamenya viazi, kwamba pazia linahitaji mota. Ulisema hivyo kama mtu anayesema chakula kinahitaji chumvi.

Jumamosi tukapanda basi kwenda Jinja kwa Bwana Pravin. Najua unampenda mzee yule, na sasa utakuwa unamwona mara kwa mara, kwa hiyo acha nikwambie kwa nini mimi pia nampenda. Aliporudi Uganda, miaka mingi baada ya Wahindi kufukuzwa, na kufungua tena duka la spea la baba yake, watu wengi pale mtaani walimwangalia kama mgeni. Yeye alizaliwa nyuma ya duka lile. Mimi nilikuwa nikienda kununua valvu na transista, na kila mara alikuwa ananikalisha kwenye stuli na kuniuliza redio gani imenishinda wiki hii. Hakuwahi kuniuliza mume wangu anasemaje kuhusu kazi yangu.

Tulipomweleza shida yetu, aliingia ndani, akatoka na kibao kidogo kilichofungwa kwenye gazeti. Mpwa wake alikuwa amemletea kutoka Uingereza.

"Hii iko kompyuta, Mama Khainza," akasema. "Kompyuta mzima ndani ya hii kidude. Wewe naandika maneno, yeye nafuata. Mimi macho yangu imekwisha, siwezi. Huyu msichana atajua."

Akatupatia na kompyuta ya mezani ya zamani ambayo mjukuu wake hakuitaka tena, pamoja na waya wa kuunganisha viwili hivyo. Juu yake akaongeza gari la kuchezea lililovunjika. Ndani ya gari lile mlikuwa na mota moja ndogo, unene wa kidole gumba, na meno yake ya kupunguza mwendo. Nilikaa ndani ya basi nimeipakata kompyuta ile kama mtoto, wewe umeshika gari la kuchezea, na watu wote walituangalia.

Sasa kosa langu la kwanza. Uliandika maneno yako, taa ndogo ya kibao ikawaka na kuzima kama ulivyoiamuru, ukafurahi, ukaenda kulala. Mimi nikaona kazi imekwisha. Nikasema, kama mguu huu wa chipu, kile kidude cheusi kilichochomekwa juu ya kibao, unaweza kuwasha taa, unaweza kuzungusha mota. Asubuhi, kabla hujaamka, nikaunganisha mota moja kwa moja kwenye mguu wa chipu. Ilitikisika kidogo. Halafu chipu ikapata moto, na tangu hapo haikufuata amri ya mtu.

Nilikuwa nimefanya kazi ya redio tangu ujana wangu. Ndiyo sababu niliharibu. Mgeni kabisa angeuliza kwanza. Mimi nilikuwa na ujuzi wa kutosha kunizuia kuuliza.

Hukunigombeza. Ulikaa na kile kibao mkononi, ukasema, "Chipu hii inachomolewa, Mama. Labda Bwana Pravin anayo nyingine." Alikuwa nayo moja. Tukarudi Jinja, naye akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hii mguu ya chipu ni kama karani," akasema. "Yeye kazi yake kusema. Kubeba gunia hapana."

Ndipo akatuchorea kwenye karatasi ya kufungia sukari. Mguu wa chipu utatoa mkondo mdogo tu, unaopita kwenye rezista ili usizidi, na kuingia kwenye transista. Transista ndiyo itakayofungua na kufunga njia ya mkondo mkubwa wa mota. Mota ipate betri yake yenyewe, si betri ya chipu. Juu ya mota iwekwe dayodi, inayopitisha stima upande mmoja tu, mstari wake ukitazama upande wa chanya, kwa sababu mota ikikatiwa stima ghafla inarudisha teke, na teke hilo lisipopewa njia ya kupita litapiga transista.

Tuliichora upya nyumbani, tukaijenga juu ya ubao wa kukatia mboga. Mota tukaipa betri ya pikipiki, chipu tukaipa betri ndogo yake. Haikuzunguka. Tulikaa mbele yake tangu mchana mpaka jua likaacha mlima. Tulipima kila kitu. Wewe ndiye uliyegundua kwamba betri mbili zile hazikuwa zinajuana. Upande wa hasi wa hii na upande wa hasi wa ile lazima uunganishwe, la sivyo transista haina pa kupimia ishara inayoletewa. Ukaweka kipande kimoja cha waya, mota ikazunguka. Mpaka leo, kitu kikikataa kufanya kazi, waya ule ndio ninaouangalia kwanza.

Halafu ukaja ule ugonjwa wa kibao kujianzisha upya. Mota ikizunguka, chipu inasahau ilichokuwa inafanya na kuanza mwanzo, na kila ikianza, mota inashtuka hata kama hakuna aliyebonyeza kitufe. Mimi nililaumu maneno yako uliyoandika. Wewe ulilaumu waya zangu. Kwa siku mbili tulisemezana kwa adabu sana, na baba yako akawa anatusikiliza kutoka chumbani akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mwishowe sote tulikuwa na haki kidogo. Mota ile ilikuwa inatoa cheche ndani na cheche zinapiga kelele kwenye waya, kwa hiyo nikalehemu kapasita ndogo ya kumeza kelele hizo kwenye miguu miwili ya mota, nikazisokota waya zake pamoja na kuziweka mbali na za chipu. Na chipu inapoamka, kwa kitambo kidogo mguu wake hauna amri yoyote, si ndiyo wala hapana. Ukaweka rezista nyingine kutoka kwenye mlango wa transista, ule mguu wake unaopokea amri, hadi upande wa hasi, ili pasipokuwa na amri transista ikae imefungwa. Mota ikatulia. Nilipenda sana ile rezista. Ilifanya kazi kabla ya mtu yeyote kuamka.

Jumapili tukautia mtambo ndani ya kisanduku cha mbao, tukaufunga dirishani. Kitufe tukakiweka kando ya mto wake, mahali ambapo kidole cha kushoto kinafika bila kunyanyua mkono. Alibonyeza. Uzi uliotoka kwenye mota ukakaza, pazia likasogea polepole, likasita, likaendelea, mpaka Wanale wote ukaingia chumbani na maji yake yanayoteremka kwenye jabali. Baba yako akatuomba tulifunge tena. Tukalegeza uzi, tukalifunga kwa mkono, akabonyeza tena. Tulifanya hivyo mpaka Mama Zaina akaja kuuliza kama tunapigia mtu ishara.

Sasa nakuja kwenye siku ambayo hukuwapo.

Ulikuwa kwenye mtihani wa shule. Mimi nilikuwa nimekwenda Namatala kutengeneza redio ya mtu ambaye hakuweza kuileta mjini. Baba yako alibonyeza kitufe kama kawaida. Pazia lilifika katikati, upindo wake ukanasa kwenye msumari wa dirisha, msumari niliougonga mimi mwenyewe kutundikia kalenda. Uzi ulikuwa imara, niliuchagua wa kushonea viatu. Mota ikasimama.

Wewe sasa unajua kinachofuata, lakini mimi siku ile sikujua. Nilikuwa nimepima mkondo wa mota ikiwa inazunguka bila kuvuta kitu, nikachagua transista ndogo kutoka kwenye redio, iliyotosha mkondo ule na kubakiza kidogo. Sikuwahi kuuliza mota hiyo inakula kiasi gani ikizuiwa isizunguke. Inakula mara nyingi zaidi. Mota iliyokwama haipumziki, ndipo inapomeza stima kuliko wakati mwingine wowote. Na betri ya pikipiki haihurumii, inatoa kila inachoombwa.

Transista ikaungua. Mimi katika maisha yangu yote nilidhani kitu kikiungua kimekufa, kimezimika, basi. Transista ile iliungua ikabaki wazi. Njia ikawa imefunguka moja kwa moja. Baadaye niliona kwamba maneno yako kwenye chipu yalikuwa mazuri, uliiamuru isimame baada ya sekunde chache, na ninaamini ilisema simama. Hapakuwa na wa kuisikia. Waya zikaanza kulainika, plastiki ikanuka, na moshi ukatoka kwenye kile kisanduku cha mbao nilichokitundika karibu na kichwa cha mtu asiyeweza kuinuka.

Mama Zaina alikuwa anaanua nguo. Alisikia harufu, akafikiri ni jiko la mtu. Halafu akasikia kitu kinaanguka ndani kwetu. Alipoingia alimkuta baba yako yuko nusu kitandani, nusu sakafuni, na waya wa betri umezungushwa kwenye mkono wake wa kushoto. Baba yako alikuwa ameuvuta. Kwa bega lile lile lililokuwa linamtoa jasho kwa kamba ya pazia, aliuvuta mpaka ukachomoka kwenye betri, naye akaangukia upande huo. Shuka ilikuwa imeungua tundu dogo. Hapakuwa na kingine kilichoungua.

Nilipofika, Mama Zaina alikuwa ameshamrudisha kitandani na amefungua madirisha. Nilikiona kisanduku, nikaelewa. Nikachukua bisibisi nikaanza kukitoa ukutani. Bisibisi ikawa inateleza kwenye skrubu.

"Unafanya nini?" baba yako akauliza.

"Nakitoa. Kesho nitakitupa."

"Acha."

"Ungeweza kuungua, Afande." Mimi humwita hivyo nikiwa nimeogopa, unajua.

"Acha, nimesema." Akapumua. Halafu akasema maneno marefu kuliko yote aliyokuwa ameyasema tangu augue, na ilimchukua muda mrefu, na Mama Zaina na mimi tulisimama tu tukimngoja. "Gerezani... mfungwa akitoroka... hatubomoi gereza. Tunatafuta alipopitia."

Mama Zaina akageuka kuangalia ukuta ili acheke. Mimi nilikaa kitandani nikalia, halafu nikacheka, halafu nikamuuliza bega linaumaje.

Uliporudi kutoka shule nilikwambia mtambo umeharibika kidogo. Ndivyo tulivyokubaliana, yeye na mimi, kwa kuwa bado ulikuwa na mitihani. Nadhani harufu ilikwambia mengine. Baada ya mtihani wa mwisho ulikitazama kisanduku, ukatazama tundu la shuka, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kuchukua mita, koleo na ile mota. Ukaishika shingo kwa koleo isizunguke, ukaiunganisha kidogo tu, ukasoma mita, ukaachia. Ukaniita nisome mwenyewe. Hukusema, "Unaona?" Uliniachia kuona.

Namna ile ya kupima nataka uende nayo Jinja. Kila mtu atakuonyesha mashine ikiwa inafanya kazi vizuri, kwa kuwa kila mtu anapenda kuonyesha hivyo. Wewe omba kuiona imekwama.

Tulijenga upya, na safari hii baba yako alikuwa mkaguzi. Alidai kila kitu kiletwe kitandani akione. Transista kubwa, tuliyoifunga kwenye kipande cha bati nene la kupoza, haikupata joto hata mota iliposhikwa. Fyuzi tukaiweka karibu kabisa na mdomo wa betri, ili waya wote unaofuata uwe chini ya ulinzi wake. Akauliza, fyuzi ikikatika nitaweka nini. Nikamwambia, fyuzi nyingine. Akauliza, na kama dukani hakuna. Alinijua, aliwahi kuniona nikiweka uzi wa shaba mahali pa fyuzi kwenye redio za watu ili wasikose taarifa ya habari. "Basi pazia litangoja," akasema.

Wewe ukaongeza swichi ya kawaida kabisa, ya chuma, inayokata stima ya mota bila kumwomba ruhusa chipu wala transista. Tukaiweka chini ya kidole chake, karibu na kitufe. Uzi wa viatu tukautupa, tukaweka wa kushonea nguo, ambao ukivutwa sana unakatika wenyewe. Kisanduku kikawa cha bati, kikahamia upande wa pili wa dirisha. Msumari wa kalenda niliung'oa mwenyewe.

Halafu akatoa amri. "Shikeni pazia."

Wewe ukalishika huku, mimi kule, kwa nguvu. Akabonyeza. Mota ikaguna, uzi ukakatika, chipu ikahesabu muda wake ikazima. Akasema turudie na kamba isiyokatika. Mota ikaguna, muda ukafika, ikazima. Akasema turudie, na safari hii tuunganishe transista kwa waya kana kwamba imeungua. Wewe ulisita ukaniangalia. Nikakuitikia. Mota ikaguna na haikuzima, kibao kikawa kinaamuru bure, na baba yako akaitazama tu, ametulia kabisa, mpaka fyuzi ikakatika na chumba kikawa kimya. Akatuomba tuweke fyuzi nyingine, tukaweka, akabonyeza tena, na kabla fyuzi haijafanya kazi yake yeye mwenyewe akazima kwa swichi.

"Sawa," akasema. "Mtambo upite."

Nilimwangalia usoni wakati ule. Nilikuwa nimedhani tunampa pazia. Kumbe alichokuwa anakipenda zaidi ni ile swichi.

Tangu siku ile ameamka kwa mwanga wake mwenyewe kila asubuhi, ila pale betri ilipokwisha na ile wiki panya alipokula uzi. Mkono wa kushoto ukapata nguvu. Ukaanza kushika kikombe, halafu fimbo, na sasa unamwona anavyofika mpaka mlangoni kugombana na watu wanaopitisha baiskeli kwenye maua. Daktari anasema ni mazoezi. Mama Zaina anasema ni dua zake. Mimi sina hoja na yeyote kati yao.

Mwanangu, sina ushauri mwingi. Utakuwa msichana peke yako pale karakanani, na kuna wanaume watakaokupima kwa kukuachia uharibu kitu. Utaharibu. Mimi nimeharibu chipu ya Bwana Pravin, redio ya mkuu wangu wa kituo, na televisheni ya mchungaji siku ya mechi, na bado watu wananiletea vitu vyao. Ukiharibu, sema mapema, eleza ulichounganisha wapi, usiongeze hadithi. Mafundi wazuri watataka kujua ilivyoungua, na hao ndio wa kukaa nao wakati wa chai. Ukichoka, usiguse kitu chenye stima, hata kama msimamizi ana haraka. Haraka yake atabaki nayo yeye, na vidole utabaki navyo wewe.

Na ukiwa na jambo limekubana, jambo lolote, hata lisilo la mota, nenda kwa Bwana Pravin ukae kwenye ile stuli. Si lazima umwambie. Mimi nilikuwa nakwenda hata siku ambazo sikuwa na redio mbovu.

Naona nimeandika kurasa nyingi na jua limeshuka. Acha nikwambie kilichotokea sasa hivi tu, nilipokuwa katikati ya barua hii. Mtu mmoja amekuja mlangoni na feni ya kinyozi, kutoka huko Namatala, ameibeba kichwani njia nzima. Akapiga hodi, akasema anamtafuta fundi. Nikainuka, nikafuta mikono, nikamwambia karibu, ndiye mimi. Akaniangalia kwa heshima zote akasema, "Samahani, Mama. Namtafuta yule fundi msichana."

Baba yako, ambaye nilidhani amelala, akafungua jicho moja.

Nikamwambia fundi amepata kazi Jinja, anasafiri kesho, na kwamba hapa amebaki mama yake, ambaye naye anajuajua kidogo. Yule bwana akafikiri. Akanitazama mimi, akaitazama feni, akamtazama na baba yako kama anayeomba udhamini. Baba yako akaitikia kwa kichwa.

Akaniachia feni.

Mama yako
Malukhu, Mbale